Kisiwa Kilichouza Udongo Wake

Chukua ramani ya dunia, msomaji, uitafute nchi ya Nauru. Huenda jicho lako likapita juu yake mara tatu lisiione, kwa kuwa wachoraji wengi wa ramani huiweka nukta tu, na wengine huiacha kabisa. Ni kisiwa kimoja katika bahari ya Pasifiki, kusini kidogo ya Ikweta, chenye eneo la maili 8 za mraba. Mtu mwenye miguu mizuri aweza kutoka alfajiri akakizunguka chote kwa barabara ya pwani, na jua la utosi likamkuta amekwisha rejea alikoanzia. Lakini kisiwa hiki kidogo kina jina kubwa katika vitabu vya madaktari. Hesabu ya dunia nzima iliyotolewa mwaka 2024, yenye habari za mwaka 2022, ilionyesha kwamba Nauru, pamoja na Tonga na Samoa ya Marekani, ndiko kulikozidi kote kwa unene wa kupindukia. Katika kila watu wazima 100 wa huko, zaidi ya 60 walikuwa na unene huo.

Habari hii inaposimuliwa, watu hucheka. Husema kwamba hao ni walafi, na ya kuwa wamejitakia wenyewe, kwani nani aliwashika mikono wakala? Mimi nasema neno hilo si la haki. Wala sitaki ulikubali kwa kuwa nimelisema. Nataka uifuate historia ya kisiwa chenyewe, kisha uamue.

Kwanza tuelewane juu ya jina. Unene wa kupindukia haupimwi kwa macho. Hupimwa kwa hesabu ambayo asili yake ni mtu wa Ubelgiji, Adolphe Quetelet, aliyeibuni katika miaka ya 1830. Uzito wa mtu kwa kilo hugawanywa kwa urefu wake kwa mita uliozidishwa kwa urefu huo huo. Mtu mzima mwenye urefu wa mita 1.70 na uzito wa kilo 87 atapata 30 na ushei, na 30 ndiyo mlango wa unene wa kupindukia; kuanzia 25 huhesabiwa kuwa uzito umezidi. Quetelet hakuwa daktari, wala hakuwa akitafuta ugonjwa. Alikuwa mtaalamu wa nyota na hesabu aliyetaka kujua umbo la mtu wa kawaida. Mtaalamu wa Marekani, Ancel Keys, ndiye aliyekitetea kipimo hicho mwaka 1972 kiwe chombo cha uchunguzi, na tangu hapo kimeenea. Kina kasoro zake, maana hakijui kutofautisha nyama ya mpiga makasia na shahamu ya mkaa kitini. Hata hivyo kwa kupima umma mzima kinatosha.

Sasa turudi kisiwani.

Watu wa Nauru wa kale, waliogawanyika katika kabila 12, waliishi kwa nazi, kwa samaki, na kwa matunda ya miti ya jamii ya mkadi, mti ambao watu wa pwani yetu waujua kwa harufu ya maua yake. Katikati ya kisiwa kuna ziwa dogo liitwalo Buada. Wanauru walikuwa wakikamata vifaranga vya samaki katika miamba ya pwani, wakawachukua kwa taratibu hadi ziwani, wakawafuga mpaka wakawa wakubwa. Samaki huyo ndiye yule ambaye wavuvi wa Kenya humwita mwatiko. Yafaa ulitie moyoni jambo hili, kwani tutalirudia: watu hawa walikuwa wafugaji wa samaki, wenye elimu yao na mipaka yao, kila ukoo ukijua sehemu yake ya maji. Hawakuwa watu wa kukaa chini ya mnazi wakingoja nazi idondoke. Mvua kisiwani humo haina ahadi. Ulipokuja ukame, minazi ilikauka na njaa ikaingia. Kwa hiyo mwili ulionawiri ulikuwa dalili njema. Mtaalamu wa mila Nancy Pollock aliandika mwaka 1995 juu ya desturi yao ya zamani ya kuwalisha na kuwanenepesha wasichana waliofikia umri, kwa heshima na kwa kuwatakia uzazi. Usiwashangae. Hata sisi, mtu akijaa mwili twamwambia ana afya.

Mwaka 1798 nahodha Mwingereza John Fearn alipita akakiona, akakiita Kisiwa cha Kupendeza. Baada yake zikaja meli za wavua nyangumi, na kwa meli hizo zikaja bunduki na pombe. Mwaka 1878 vikazuka vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyodumu miaka kumi, na watu wakapungua kutoka kama 1,400 hadi 900 hivi. Wajerumani walipoitwaa nchi mwaka 1888 walizikusanya bunduki, na vita vikaisha.

Yaliyofuata yalianzia mbali sana na Nauru, katika ofisi moja mjini Sydney, Australia. Ofisi hiyo ilikuwa ya kampuni ya biashara ya visiwani, na mlangoni pake palikuwa na jiwe la kuzuia mlango usijifunge. Jiwe lilitoka Nauru. Aliyelileta alidhani ni mti wa kale uliogeuka jiwe. Mwaka 1899 karani mmoja wa kampuni, Albert Ellis, aliyekuwa na maarifa ya madini, aliliangalia akalishuku, akalipima. Akaona ni fosfeti safi kabisa. Fosfeti, msomaji, ni chakula cha mimea, na ardhi ya Australia na New Zealand ilikuwa na njaa yake. Hebu fikiri: utajiri wa taifa zima ulikuwa umelala sakafuni, ukipigwa mateke na kila aingiaye na atokaye.

Uchimbaji ukaanza mwaka 1906. Wenye ardhi walilipwa mwanzoni takriban nusu peni kwa kila tani. Vita Kuu ya kwanza ilipofika, Australia ikakitwaa kisiwa mwaka 1914, na baadaye Uingereza, Australia na New Zealand wakapewa wakitunze kwa niaba ya Shirikisho la Mataifa. Watunzaji hao watatu wakaunda halmashauri ya kuchimba, na mbolea wakawauzia wakulima wao kwa bei ya gharama tu, chini ya bei ya soko la dunia. Mtu aliyepewa shamba la yatima alilinde, kisha akajiuzia mazao yake kwa bei aipendayo mwenyewe, sisi twamwitaje?

Kuchimba fosfeti si sawa na kuchimba kisima. Fosfeti ya Nauru ilikaa katikati ya nguzo za mawe ya chokaa, kama nyama kati ya meno. Ili kuipata ilibidi kufyeka miti yote, kuondoa udongo wa juu, kisha kukomba kilichomo. Zikabaki nguzo za mawe zilizompita mtu kwa urefu, nyeupe, zikichoma kwa jua, wala mmea wa maana hauoti juu yake. Mwisho wa yote karibu sehemu nne katika tano za kisiwa zilikuwa hivyo. Mikadi iliyokuwa ikiliwa ilikwenda pamoja na udongo.

Wakati huo Wanauru hawakuwa na habari ya unene. Hofu yao ilikuwa kwamba watakwisha. Mwaka 1920 homa ya mafua iliua karibu mtu mmoja katika kila sita. Ikasemwa kwamba wasipofika 1,500 hawawezi kuishi kama taifa. Tarehe 26 Oktoba 1932 alizaliwa mtoto aliyeitimiza idadi hiyo, na siku hiyo, iitwayo Angam, husherehekewa mpaka leo. Lakini furaha haikudumu. Mwaka 1942 Wajapani wakakiteka kisiwa, na mwaka 1943 wakawahamisha Wanauru 1,200 kwa nguvu hadi kisiwa cha Truk, zaidi ya maili elfu moja kutoka kwao, wakawatumikishe huko. Walikufa kwa njaa na maradhi. Tarehe 31 Januari 1946 walirudishwa makwao 737 tu. Iliwapasa kungoja mpaka mwaka 1949 ndipo wakafika 1,500 mara ya pili.

Nakuomba uzishike tarehe hizi. Watu walioukaribia mwisho wao kwa njaa mwaka 1945 ndio wale wale, wao na watoto wao, ambao miaka thelathini baadaye madaktari walikuja kuwapima kwa ajili ya maradhi ya shibe.

Baada ya vita machimbo yakaongezeka. Ilipoonekana kwamba kisiwa hakitafaa kukaliwa, Australia iliwaambia Wanauru wahamie kisiwa cha Curtis, karibu na Queensland. Mwaka 1964 wakakataa, kwa sababu walitakiwa wawe raia wa Australia na kuacha kuwa taifa. Tarehe 31 Januari 1968, siku ile ile waliyorudishwa kutoka Truk, walipata uhuru, na Hammer DeRoburt akawa rais wao wa kwanza. Mwaka 1970 machimbo yakawa mali yao. Walikuwa watu wapatao elfu tatu, na ghafula fedha ya fosfeti yote ikawa yao. Katika miaka ya 1970 pato la Mnauru lilihesabiwa miongoni mwa makubwa kabisa duniani. Kodi hapakuwa na kodi. Matibabu bure, shule bure. Serikali ilinunua ndege zake, na mwaka 1977 ikamaliza jengo la ghorofa 52 mjini Melbourne. Kazi ngumu ya machimbo ilifanywa na vibarua kutoka Kiribati, Tuvalu na China. Mwenyeji akawa na gari, na barabara ya maili 12 ya kulizungushia.

Na chakula je? Hapa ndipo moyo wa habari ulipo. Ardhi ya kulima ilikuwa imekwisha kupelekwa ng'ambo kwa meli. Mbolea ya Nauru ilitawanywa katika malisho na mashamba ya Australia na New Zealand. Nyasi zikasitawi, kondoo wakanona, ngano ikajaa, ng'ombe wakatoa siagi. Kisha unga mweupe, nyama ya makopo, siagi na sukari vikapakiwa katika meli, vikarudi Nauru kuuzwa dukani. Udongo ulitoka kisiwani, ukarudi umekuwa kopo. Mtu hakuchagua kati ya samaki wake na kopo la mgeni. Mti wa chakula ulikuwa haupo tena, na duka lilikuwepo, na fedha ilikuwepo mfukoni. Wala tusidhani ya kuwa desturi hii ilianza na utajiri. Ilianza tangu siku za kampuni, wakati mwenye ardhi alipopokea senti chache kwa shamba lililochimbwa, akaenda dukani kununua mchele.

Mwaka 1975 na 1976 daktari wa Australia, Paul Zimmet, na wenzake waliwapima Wanauru wenye umri wa miaka 15 na zaidi. Walikuta kwamba karibu theluthi moja wana ugonjwa wa kisukari. Wataalamu waliposikia walistaajabu, kwani ilikuwa idadi ambayo ni nadra mno kuonekana popote. Kisukari ni ugonjwa wa polepole. Huharibu mishipa midogo ya damu, hutia giza machoni, huchosha figo, na kidonda cha mguu chaweza kukataa kupona hata mguu ukakatwa. Watu waliokuwa na haki ya kungoja uzee wakawa wanakufa kabla ya wakati, wakiacha watoto wadogo.

Kwa nini wao? Mwaka 1962 mtaalamu wa mambo ya urithi wa mwili, Mmarekani James Neel, alikuwa ametoa wazo. Alisema huenda watu ambao mababu zao walizoea kupita katika vipindi vya njaa wana miili ya kuweka akiba, yenye kuhifadhi kila tonge kwa ajili ya siku mbaya. Na siku mbaya isipokuja, akiba inageuka maradhi. Wengi waliitazama Nauru wakasema mfano ndio huu. Wazo hilo limepingwa sana tangu hapo, na Neel mwenyewe alilirekebisha baadaye. Mimi naliona lina hatari moja. Laweza kumfanya msomaji aitazame damu ya Mnauru na kusahau bandari yake. Hata kama mwili una akiba, aliyeuondoa mkadi na kuleta gunia la sukari si mwili.

Fosfeti ikaanza kwisha mwishoni mwa karne ya 20. Akiba ya fedha ilikuwa imewekwa katika mambo ya hasara, mojawapo ni mchezo wa kuigiza wa nyimbo uliofanywa London mwaka 1993 na kufungwa baada ya wiki chache. Jengo la Melbourne likauzwa mwaka 2004, na mwezi Desemba 2005 ndege ya mwisho ikatwaliwa na wadai. Mtu angetazamia kwamba umaskini utapunguza unene. Haukupunguza. Mwenye fedha kidogo hununua chakula cha bei ndogo chenye kushibisha, nacho ni wali mweupe, unga, mafuta na soda; mboga mbichi zilizosafiri baharini ni za mwenye uwezo. Basi anayesema kwamba unene ni ugonjwa wa matajiri amechelewa kwa miaka mingi.

Serikali za visiwa hivyo hazikukaa kimya. Mwaka 2007 Nauru ilitoza ushuru wa asilimia 30 kwa sukari na vitu vya sukari viingiapo nchini. Fiji ilikuwa imekwisha piga marufuku mwaka 2000 uuzaji wa nyama ya tumbo la kondoo, ambayo ni shahamu zaidi kuliko nyama, na ambayo wenyewe walioichinja hawakuitaka sana. Samoa nayo mwaka 2007 ilikataza mikia ya batamzinga kutoka Marekani, kwa sababu hiyo hiyo. Lakini Samoa ilipotaka kuingia Shirika la Biashara Duniani, ambalo ilijiunga nalo rasmi mwaka 2012, ilibidi iahidi kuliondoa katazo lake, kwa kuwa sheria za biashara hazikukubali mlango ufungwe hivyo. Nchi ndogo ilikuwa imejua ni chakula gani kinachowadhuru watu wake, ikakifungia mlango, ikaambiwa ifungue. Watu wanaposema kwamba kila mtu ana hiari ya kula apendacho, nami huwakumbusha mikia ya batamzinga.

Usidhani nakusimulia habari za mbali zisizokuhusu. Hesabu ile ile ya mwaka 2022 ilionyesha kwamba watu zaidi ya bilioni 1 duniani walikuwa na unene wa kupindukia. Tangu mwaka 1990 kiwango chake kwa watu wazima kilikuwa kimezidi maradufu, na kwa watoto na vijana wa miaka 5 hadi 19 kimekuwa mara nne. Hao ni watu wa rika lako. Katika Kenya, uchunguzi wa afya wa mwaka 2008 na 2009 ulikuta kwamba robo ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi au unene wa kupindukia. Mwaka 2014 ilikuwa theluthi. Miaka michache tu ilitosha kuleta tofauti hiyo, na katika miaka michache namna hiyo damu ya watu haibadiliki. Vinavyobadilika ni bei ya mafuta ya kukaangia, umbali wa kwenda kazini kwa miguu, na kile kinachouzwa karibu na lango la shule.

Nauru iliipeleka Australia katika Mahakama ya Kimataifa mjini The Hague mwaka 1989, ikidai fidia ya ardhi iliyoharibiwa kabla ya uhuru. Mwaka 1993 wakapatana nje ya mahakama, na Australia ikakubali kulipa dola milioni 107 za Australia, sehemu yake kwa kipindi cha miaka 20. Fedha hiyo ilikusudiwa kuitengeneza ardhi. Kazi imekwenda kwa mwendo wa kobe, kwa maana udongo wa juu huchukua vizazi na vizazi kujifanya, nao ulikuwa umeondolewa kwa koleo na mashine katika miaka mia moja.

Na wale samaki wa Buada? Katika miaka ya 1960 waliletwa kisiwani samaki wageni, perege wa Msumbiji, ndugu wa ngege anayeliwa Kisumu. Walizaana upesi mno, wakabaki wadogo wembamba, wakala chakula cha mwatiko na kulijaza ziwa, hata wafugaji wakakata tamaa na kuacha kazi ya mababu zao. Baadaye zilifanywa juhudi za kuwaua perege hao kwa dawa na kuwarudisha vifaranga wa mwatiko katika maji. Dawa iliwapunguza, wakazaana tena. Wapo waliotia tena vifaranga hata hivyo.